Vichwa vya Marais Vishuke kwenye Sarafu za Marekani

Wazee wa pwani yetu walikuwa na sarafu ya fedha ya Kihispania waliyoiita reale ya mzinga. Kando ya ngao ya mfalme kulikuwa na nguzo mbili, Nguzo za Herkule, shujaa wa hadithi za Kigiriki, alama ambayo Hispania iliibeba kila ilikokwenda. Pwani hakuna aliyeshughulika na Herkule. Watu waliigeuza sarafu mkononi, wakaona mizinga miwili imesimamishwa wima, na jina likashika.

Sarafu hiyohiyo ndiyo mama wa dola ya Marekani. Dola ilikadiriwa kwa kuipima reale ya Kihispania, na hadi mwaka 1857 sheria ya Marekani iliiruhusu itumike sokoni sambamba na sarafu zilizofuliwa nyumbani. Wamarekani nao walisoma picha kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1916 mchongaji Adolph Weinman alitoa sarafu ya senti kumi yenye kichwa cha Uhuru, mwanamke kijana mwenye kofia ya mabawa. Mabawa yale yalikuwa ishara ya fikra iliyo huru. Watu wakamwona Mercury, mungu wa Kirumi, tena mwanamume, na mpaka leo sarafu ile haijulikani kwa jina jingine. Ile ya senti tano ya mwaka 1913 ikaitwa ya nyati, na ile ya senti moja yenye masuke mawili nyuma ikaitwa ya ngano.

Watu huipa sarafu jina wakiwa wameitazama. Sasa muulize Mmarekani yeyote aliye mbele yako kwenye foleni ya duka, Rais Franklin Roosevelt wa senti kumi anatazama kulia au kushoto? Nyuma yake kuna nini? Wengi hawatajibu, ingawa wameishika tangu utotoni. Sarafu hiyo haina jina la picha yake. Inaitwa kwa thamani yake tu, basi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Michoro ya muda mrefu kwenye sarafu za Marekani ibadilishwe, na ianze kubadilishwa upande wa kichwa, ambako marais wamekaa kana kwamba wamerithi. Ila isibadilishwe kama robo dola inavyobadilishwa tangu 1999, picha mpya kama tano kila mwaka. Huko ni kutoka shimo moja na kutumbukia la pili.

Turudi mwanzo. Sheria ya kwanza ya sarafu ya Marekani ilipitishwa tarehe 2 Aprili 1792. Muswada uliotoka Seneti ulitaka kila sarafu iwe na kichwa cha rais aliye madarakani. Rais wa wakati huo alikuwa George Washington, mtu ambaye hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana naye kwa heshima. Baraza la Wawakilishi likakataa. Wafalme ndio wanaojichora kwenye fedha, na wao walikuwa wametoka tu kupigana na mfalme. Badala ya kichwa cha rais, sheria ikaagiza alama ya uhuru, neno lenyewe la uhuru, na mwaka wa kufuliwa. Senti za kwanza zilitoka Philadelphia mwaka 1793 zikiwa na mwanamke mwenye nywele zilizotawanyika, na watu wakalalamika kuwa anaonekana ameshtuka. Walilalamika kwa sababu walimwona.

Kuanzia hapo hadi 1909, miaka 116, hakuna Mmarekani halisi aliyewekwa kwenye sarafu ya kawaida ya matumizi. Lincoln ndiye aliyefungua mlango, na alifunguliwa kwa nia njema. Ulikuwa mwaka wa kutimiza miaka 100 tangu azaliwe, Rais Theodore Roosevelt alikuwa anampenda, na Victor David Brenner, mhamiaji kutoka Lithuania, alikuwa tayari na picha nzuri ya uso wake. Siku sarafu ilipotoka watu walipanga foleni. Kisha Lincoln akabaki. Nyuma yake yalipita masuke ya ngano, jumba lake la ukumbusho, michoro minne ya mwaka 2009, na ngao kuanzia 2010, lakini uso wake haukuondoka. Tarehe 12 Novemba 2025, Philadelphia walifua senti za mwisho za matumizi, kwa sababu kila moja ilikuwa inagharimu zaidi ya senti tatu na nusu kuitengeneza. Kutoka 1909 hadi 2025 ni miaka 116 mingine. Nusu ya maisha ya senti ilikuwa karibu yote ya alama ya uhuru, na nusu ya pili ilikuwa ya mtu mmoja.

Hao wengine waliingia kwa njia hiyohiyo, kila mmoja kwa tukio la kupita. Washington aliwekwa kwenye robo mwaka 1932, miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, na mwanzoni ilifikiriwa kuwa sarafu ya ukumbusho. Jefferson alimwondoa nyati mwaka 1938. Franklin Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945, na ilipofika tarehe 30 Januari 1946, siku ambayo angetimiza miaka 64, sarafu yake ilikuwa imeshatoka. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963. Sheria ya kumweka kwenye nusu dola ilisainiwa tarehe 30 Desemba, mwezi mmoja na siku chache baadaye. Mjane wake aliulizwa, akapendelea nusu dola ili Washington asiondolewe kwenye robo.

Silaumu waliofanya hivyo. Msiba ni msiba, na taifa lililofiwa hutafuta pa kuweka huzuni yake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepanga siku ya kuanua matanga. Kuweka uso wa marehemu ni jambo la wiki chache. Kuutoa kunahitaji mtu wa kusimama hadharani na kusema ametosha, na hakuna mwanasiasa anayetaka kuwa mtu huyo. Ndivyo ukumbusho unavyogeuka miliki.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja moja nzito, nayo imo kwenye senti kumi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Roosevelt alipata polio mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39, na hakutembea tena bila kushikwa au kushika kitu. Mwaka 1938 alianzisha taasisi ya kupambana na ugonjwa huo. Mchekeshaji wa redio Eddie Cantor akawaomba wasikilizaji watume senti kumi kumi moja kwa moja Ikulu. Barua zilimiminika kwa magunia mpaka barua za kazi za rais zikawa hazionekani. Zilihesabiwa sarafu zaidi ya milioni mbili na nusu. Watoto walizibandika kwenye kadi, wengine walizitia kwenye bahasha tupu bila hata jina. Fedha za taasisi hiyo ndizo zilizokuja kugharimia kazi ya Jonas Salk, na mwaka 1955 chanjo ikatangazwa kuwa inafanya kazi. Kwa mzazi wa zama zile, aliyekuwa akimfungia mtoto ndani kila kiangazi kwa hofu ya kupooza, ile senti kumi na ule uso vilikuwa kitu kimoja. Ningekuwa hai mwaka 1946 ningeitetea kwa nguvu zangu zote.

Lakini sarafu haielezi chochote kati ya hayo. Itazame kwa karibu. Kuna upande wa uso unaotazama kushoto, kuna neno la uhuru, kuna mwaka. Nyuma kuna mwenge, tawi la mzeituni na tawi la mwaloni. Hakuna mtoto, hakuna kiti cha magurudumu, hakuna sindano. Aliyezaliwa baada ya chanjo anaona kichwa cha mzee mmoja kati ya vichwa vya wazee. Kisa kilikuwa kwenye vifua vya watu, na watu wale wengi wameshazikwa.

Kuna kisa kingine ambacho sarafu hiyo inakificha. Selma Burke, mchongaji mweusi, alimchora Roosevelt ana kwa ana mwaka 1944 kwa ajili ya sanamu ya ukutani iliyowekwa katika jengo moja la serikali jijini Washington. Sarafu ilipotoka, kwenye shingo ya Roosevelt zilikuwa herufi JS, za John Sinnock, mchongaji mkuu wa serikali. Burke alishikilia hadi alipofariki mwaka 1995 kwamba uso ule umetoka kwenye kazi yake, na Sinnock alishikilia kuwa ni wake. Sikai kiti cha hakimu. Ninachoona ni kwamba jina la Burke lingejulikana zaidi kama michoro ya sarafu ingekuwa inashindaniwa mbele ya watu badala ya kukabidhiwa mtumishi mmoja wa kiwanda aikamilishe kwa miezi michache. Wananchi nao, kwa kuwa hawakuambiwa JS ni nani, waliivumisha kuwa ni herufi za Joseph Stalin. Ni kama mizinga ile ya pwani.

Sasa tazama kinachotokea uso unapogeuka miliki. Mwaka 2003 wabunge kadhaa wa Republican walipendekeza Reagan achukue nafasi ya Roosevelt kwenye senti kumi. Hawakuuliza ni picha gani inaifaa nchi. Walitaka mtu wao badala ya mtu wa wale wengine. Nancy Reagan ndiye aliyewasimamisha, akisema hataki na anaamini mumewe asingetaka. Mwaka uliotangulia serikali ilitaka kubadilisha nyuma ya senti tano kwa miaka miwili ili kukumbuka safari ya Lewis na Clark, wapelelezi wa magharibi ya nchi. Wabunge wa Virginia wakakubali kwa masharti kwamba Monticello, nyumba ya Jefferson iliyopo kwao, irudi baadaye, na sharti hilo likaandikwa kwenye sheria. Nyumba ya mtu imelindwa kwa sheria ya nchi, tena nyumba iliyojengwa na kutunzwa na watu waliokuwa watumwa wake. Juu ya paa lake, kwenye sarafu, hakuna hata alama moja ya kuwataja.

Na mlango uliofunguliwa kwa Lincoln haukujifunga wenyewe. Oktoba 2025 Mweka Hazina wa Marekani alithibitisha kuwa ipo rasimu ya sarafu ya dola moja yenye uso wa Donald Trump, akiwa hai na akiwa madarakani, kwa ajili ya miaka 250 ya taifa. Wapo waliofurahi na wapo waliokasirika, kila mmoja kwa chama chake. Mimi nasema wabunge wa 1792 walimkatalia Washington mwenyewe. Ukishakubali kuwa sarafu ni mahali pa kichwa cha rais, unabaki kubishana ni rais yupi, na katika ubishi huo mwenye mamlaka ndiye anayeshinda.

Kenya iliufunga mlango huo kwa maandishi. Katiba ya 2010, ibara ya 231, inasema noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazoashiria Kenya, lakini hazitakuwa na picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 sarafu mpya zikatoka: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Waliokulia na sarafu za Kenyatta na Moi wanajua sheria ile ilijibu kitu gani. Sarafu za zamani ziliendelea kutumika pamoja na mpya, na hakuna soko lililofungwa.

Hapo najua nitajibiwa na ile reale ya pili, reale ya Sham. Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu yake imeendelea kufuliwa ikiwa na mwaka huohuo wa 1780 kwa zaidi ya karne mbili. Kuanzia Yemen na Uhabeshi hadi Unguja, mfanyabiashara aliikagua kwa kidole, akatazama lulu za taji na pini ya begani, na ikipungua kitu aliikataa. Mchoro usiobadilika ndio uliokuwa dhamana. Ni kweli, na hoja hii iliwahi kuwa na nguvu hata Marekani. Lakini reale ile ilikuwa ya madini ya fedha halisi, na aliyeikagua alitaka kujua kama fedha yenyewe ipo kwa uzito wake. Marekani iliondoa fedha kwenye senti kumi na robo mwaka 1965. Chukua robo yoyote uitazame ubavuni, utaona mstari mwekundu wa shaba katikati ya tabaka mbili za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Leo dhamana ni serikali. Anayetengeneza robo bandia hapati faida ya maana, na hakuna muuza duka anayekagua nywele za Washington.

Mashine je? Hii ni hoja nyingine ninayoisikia mara kwa mara, kwamba sarafu mpya zitavuruga mashine za soda, za maegesho na za kufulia. Jengo tunaloishi lina mashine za kufulia chini kabisa, na zinakula robo tu. Kila Jumamosi nateremka na kapu la nguo na mkebe wa biskuti uliojaa robo. (Kiswahili kina neno moja, kufua, kwa sarafu na kwa nguo, na nikiwa kule chini huwa nalifikiria.) Mkebeni humo kuna tai wa zamani, kuna farasi wa Delaware wa mwaka 1999, kuna mbuga na maziwa nisiyoyajua, kuna mshairi Maya Angelou amenyoosha mikono. Mashine imezipokea zote miaka yote. Inapima upana, unene, uzito na jinsi madini yanavyoitikia umeme. Haina macho. Hoja ya mashine ni ya kweli ukibadilisha ukubwa au madini, kama walivyogundua mwaka 1979 walipotoa dola ya Susan B. Anthony iliyokaribiana mno na robo, watu wakaichanganya na kuikataa. Mchoro ni jambo jingine kabisa.

Nimezitaja robo, na hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wengi wanaopenda mabadiliko. Mradi wa robo za majimbo 50, kuanzia 1999 hadi 2008, ulikuwa jambo zuri. Picha tano kwa mwaka, kila jimbo kwa mpangilio wa kujiunga na muungano, na watoto wakajaza ramani za karatasi nene zenye matundu. Serikali ilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 140 walikusanya. Ilipata faida kubwa pia, kwa sababu robo hugharimu pungufu ya senti ishirini na tano kuitengeneza, na ile inayoingia kwenye kopo la mtoto na kukaa humo ni kama mkopo ambao serikali haidaiwi.

Mradi ule ulikuwa na mwisho, na hiyo ndiyo siri ya uzuri wake. Ulipofanikiwa, hawakujua kuacha. Yakaja maeneo yasiyo majimbo mwaka 2009, kisha mbuga na hifadhi za taifa kuanzia 2010 hadi 2021, kisha wanawake mashuhuri kuanzia 2022 hadi 2025, sasa miaka 250 ya taifa, na baada yake michezo ya vijana hadi 2030. Uliza mtu ataje robo tatu za mbuga. Picha inayopita kila baada ya wiki kumi haipati muda wa kupewa jina. Wanawake wale ishirini walistahili zaidi ya hapo. Bessie Coleman, aliyelazimika kwenda Ufaransa kusomea urubani kwa kuwa kwao hakuna shule iliyomtaka, alipata miezi michache, akapisha mwingine.

Picha ya mwaka mmoja pia ni mali ya aliye ofisini mwaka huo. Kwa robo za 2026, kamati ya ushauri ya wananchi ilikuwa imependekeza michoro ya kukomeshwa kwa utumwa, ya haki ya wanawake kupiga kura na ya haki za kiraia. Desemba 2025 Wizara ya Fedha ikatangaza michoro iliyochaguliwa, na hiyo mitatu haikuwamo. Uamuzi unaoandikwa upya kila mwaka unabebwa na upepo wa kila mwaka.

Kati ya kuganda na kukimbia kuna kipimo, na Wamarekani wenyewe walikiweka zamani. Sheria ya mwaka 1890 inasema mchoro wa sarafu usibadilishwe zaidi ya mara moja katika miaka 25 bila idhini ya Bunge. Ukitimiza miaka 25, Wizara ya Fedha inaweza kuubadilisha yenyewe. Ndivyo Roosevelt alivyoingia mwaka 1946 bila kura ya Bunge, kwa sababu sarafu ya Weinman ilikuwa imepita miaka 29. Kennedy ilibidi apite Bungeni, kwa kuwa nusu dola ya Benjamin Franklin ilikuwa ya 1948 tu. Miaka 25 ni kizazi kimoja. Mtu anazaliwa na mchoro, anaujua, anaupa jina, anamwonyesha mwanawe, kisha mwanawe anapata wake.

Na sheria hiyo iliwahi kuzaa matunda kwa bahati. Mwaka 1915 mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, Robert Woolley, aliisoma vibaya. Alidhani inamlazimisha abadilishe michoro ikitimiza miaka 25, wakati inamruhusu tu. Senti kumi, robo na nusu dola za wakati huo zilianza 1892, kwa hiyo akaharakisha. Mwaka 1916 zikafuliwa tatu kwa mpigo: Uhuru mwenye kofia ya mabawa, Uhuru aliyesimama langoni na ngao, kazi ya Hermon MacNeil, na Uhuru anayetembea kuelekea jua linalochomoza, kazi ya Weinman pia. Hiyo ya mwisho ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Marekani kwa matumizi ya kila siku. Vazi linapepea, mkono umenyooshwa, mguu uko mbele, na ukiishika unahisi kuwa anakwenda mahali. Nchi ile ilipata mwanamke anayetembea kwa sababu mtumishi mmoja aliamini kwamba kubadilisha ni wajibu. Naomba wajibu huo sasa uandikwe kwenye sheria, ili usitegemee makosa ya msomaji.

Iandikwe pia namna ya kuchagua. Mwaka 1938 Jefferson alipatikana kwa shindano la wazi, na mshindi kati ya wachongaji 390 alikuwa Felix Schlag, mhamiaji kutoka Ujerumani, akapewa dola 1,000. Alikuwa ameichora Monticello kwa pembeni, na mti ubavuni. Maofisa wakamlazimisha aichore upya, wima na kavu kama ramani ya mjenzi, na herufi za jina lake hazikuwekwa hadi 1966. Shindano lilikuwa zuri, na kilichofuata kikaliharibu. Mshindi akipatikana kazi yake iachwe, isipokuwa pale ambapo chuma chenyewe kinakataa.

Mwaka huu wa 2026 Roosevelt amepisha senti kumi, na Uhuru amerudi, nywele zikipeperuka, na nyuma yake tai mwenye mishale. Mishale bila tawi la mzeituni inanisumbua, na nisingeichagua. Lakini angalia kilichotokea: uso uliokaa miaka 80 umeondolewa, na hakuna aliyeshindwa kununua mkate. Hofu ya muda mrefu imepimwa. Sioni sababu ya Roosevelt kurudishwa Januari kwa mazoea tu. Senti tano itahitaji Bunge, kwa sababu ya lile sharti la Virginia. Robo nayo ina sheria zake hadi 2030. Senti kumi ndiyo ya kuanzia, na shindano lake litangazwe sasa.

Nimeacha robo moja kwa makusudi. Mwaka 1931 lilifanyika shindano la medali na robo ya Washington. Laura Gardin Fraser, mke wa mchongaji wa nyati, alichonga Washington anayetazama kulia, taya imekaza, shingo kama ya mtu aliyebeba mzigo mzito. Tume ya Sanaa ilimchagua, ikarudia tena kumchagua. Waziri wa Fedha Andrew Mellon akamkataa, akachukua kazi ya John Flanagan, Washington anayetazama kushoto. Mrithi wa Mellon hakutengua. Fraser alifariki mwaka 1966. Mwaka 2022 Washington wake ndiye aliyewekwa kwenye robo za wanawake mashuhuri, miaka 90 baada ya kukataliwa.

Jumamosi iliyopita binti yangu, ana miaka saba, alikuwa amekaa juu ya mashine anazipanga robo nne nne. Ya Maya Angelou aliwahi kuniambia ni ya malaika, kwa sababu ndege aliye nyuma ya mikono ile kwake yalikuwa mabawa. Safari hii alizishika mbili, akazigeuza upande wa kichwa. "Mama, mbona huyu anatazama huku na huyu anatazama kule?" Nikamwambia huyu wa kulia alichongwa na mama mmoja, wakubwa wakamkataa, akaingojea robo miaka tisini. Akauliza kama yule mama alijua kwamba mwishowe ilitoka. Nikamwambia hapana. Akaitazama kidogo, akairudisha mkebeni, akanipa ile nyingine nikaitia kwenye mashine.